Kupiga Windo Dongobesh

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeng'oa vitunguu saumu upande wa bondeni, hapa Bashay. Udongo umekauka. Ukivuta kwa nguvu shina linakatika, kichwa kinabaki chini, na mwenye shamba anakuangalia. Uma kwanza, kisha mkono. Bega la kulia limeanza tena. Nimetumia la kushoto. Baba Yustina, ambaye shamba ni lake, ameona. Nadhani anapima kama nitaufikia mwisho wa msimu.

Laptopu iko chini ya kitanda. Ndani ya boksi lake, boksi ndani ya gunia, gunia nyuma ya ndoo. Niliinunua juzi Katesh kwa jasho la misimu miwili. Ni mpya. Muuzaji alikata utepe mbele yangu. Nilimwambia aiwashe palepale, kwa sababu stendi moja zamani niliuziwa boksi la simu lenye kipande cha sabuni. Hii si sabuni. Iliwaka.

Lakini iliwaka na maandishi nisiyoyajua. Vijumba vidogo vyenye miguu, kama yale ya kwenye chupa za dawa ya wadudu. Muuzaji akasema imetoka nje, ndiyo maana bei imelegea, hayo mengine yatarekebishwa. Njia nzima kutoka Katesh nimelitafuna neno hilo. Yatarekebishwa. Na nani?

Hii mashine ndiyo njia yangu ya kurudi nyumbani. Umeme umefika kijijini kwetu, huko Kasulu. Selina, mke wangu, ameshikilia chumba cha barabarani karibu na mashine ya kusaga. Mwenye chumba amemvumilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikifika na laptopu nitaingizia watu nyimbo kwenye simu, nitachapa barua za maombi, nitakaa kwenye kiti. Kazi hiyo naijua kidogo. Nilipokuwa mlinzi wa duka la kuchapa huko Babati, mwenye duka alinifundisha siku zisizo na wateja. Nikifika bila laptopu nitashika jembe. Bega hili halina majembe mengi ndani yake.

Jumanne, 5 Agosti

Wakati wa chai nimempigia muuzaji wa Katesh. Nikamwambia maandishi hayasomeki. Akasema, "Kapige windo tu, mzee. Hata Dongobesh wanapiga." Akakata.

Windo. Mimi najua windo ni mnyama unayemfukuza mpaka umpate. Kutwa nzima nimejiuliza hapa nani anamwinda nani.

Jioni nimemuuliza Mkumbo, mtu wa Singida ninayelala naye chumba kimoja. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema ni Kizungu, maana yake dirisha. Kila kompyuta ina dirisha lake la kuangalia mambo yaliyomo ndani. La zamani linang'olewa, linawekwa jipya.

Nimekuwa saidia fundi miaka mingi. Madirisha nimebeba mengi mgongoni. Sijawahi kuona mtu anang'oa dirisha la nyumba mpya.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo kukata mizizi na kupanga kwa ukubwa. Kazi ya kukaa. Bega limeshukuru.

Mkumbo anasema mafundi wa kompyuta ni wezi wa taratibu. Hawachukui mashine. Wanafungua chini, wanatoa kifaa kizuri, wanaweka kilichochoka, wanafunga. Inawaka, unashukuru, unalipa. Ikifika kwenu inakufa. Binamu yake wa Singida yalimkuta. Mkumbo ana binamu kwa kila balaa.

Halafu akaongeza, "Ikikushinda niuzie mimi, nikupunguzie mzigo." Alisema kwa utani. Nimeuweka akilini utani huo.

Nimefikiria jinsi tunavyotia alama mipini ya majembe yetu yasichanganyike. Nikaenda kwa Yustina, binti wa mwenye shamba aliyekuja likizo kutoka Arusha, nikaomba rangi yake ya kucha. Nyekundu. Nimetia tone kwenye kila skrubu ya tumboni mwa laptopu. Atakayefungua atavunja tone.

Yustina aliwasimulia wanawake kule kwenye kupanga. Bibi, mama yake Baba Yustina, akasema neno kwa Kiiraqw na wote wakacheka mpaka vitunguu vikawatoka mikononi. Msimu wa pili niko hapa na neno ninalolisikia vizuri katika lugha yao ni Muha. Yaani mimi, mtu wa Kigoma.

Jumamosi, 9 Agosti

Dongobesh. Nimeibeba kifuani, chini ya shati, kwenye bodaboda. Baridi imeingia mpaka kwenye meno. Agosti ya huku si ya kwetu.

Fundi ana chumba chembamba nyuma ya soko, kati ya duka la pembejeo na mama mmoja anayeuza chai. Ananizidi miaka michache au nampita michache, sikuweza kujua. Watu wote wanamwita Fundi. Nilipomuuliza jina akasema Turuwai, au kitu cha namna hiyo. Mwanzoni kuna sauti anaitolea pembeni ya ulimi, kama hewa inayotoroka kwenye tairi. Mdomo wangu hauna sauti hiyo. Nikasema, "Haya, Turuwai." Akatabasamu. Sikulipenda tabasamu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuipindua laptopu.

"Unaipindua ya nini?"

"Nasoma aina ya mashine, kaka. Imeandikwa huku."

Nikasimama nyuma ya bega lake. Akaniletea kiti. Sikukaa. Aliinusa ile mashine, akaniambia hata ikiibiwa itarudi yenyewe Bashay, imeshiba saumu. Sikucheka. Mtu anayesema habari ya kuibiwa kabla hujakaa nimemwona mara nyingi.

Akachomeka flashi. Skrini ikawa ya buluu. Akaniuliza kama kuna kitu changu humo, maana kila kilichomo kitafutwa. Nikamjibu ni mpya. Akabonyeza. Nimelipia mashine yenye vitu nisivyoweza kuvisoma, na sasa mtu nisiyemjua anavifuta, na sitajua kamwe vilikuwa vitu gani.

Mama wa chai akaingia na chupa yake. Wakazungumza kwa lugha yao. Wakacheka. Nikasikia Muha, nikasikia saumu. Chai aliyonipa nilikunywa nusu.

Kisha umeme ukakatika soko zima. Betri yangu ilikuwa haina kitu, chumbani kwetu tuna taa ya sola tu. Skrini ikazimika katikati ya kazi. Fundi akaniambia dirisha la zamani limeshang'oka na jipya halijaingia. Nikiichukua hivyo ninachukua bati. Niiache, umeme ukirudi atamaliza, nije siku nyingine.

Niliangalia ukutani. Simu za watu zimefunuliwa vifua, laptopu zisizo na vitufe. Nikamwambia anipe rehani. Kitu chake, nikae nacho.

Mama wa chai akasema, "Mpe hata kiatu, Fundi, atulie." Fundi akavua koti lake, lile zito la kijani, akanipa.

Nimerudi Bashay ndani ya koti la mtu nisiyemwamini. Lilikuwa na joto. Hilo pia nimelichukia.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimekaa na koti.

Linanuka moshi wa risasi ya kulehemu. Nimepekua mifuko. Tambara la kufutia. Pipi moja. Na skrubu ndogo nyeusi.

Nimeigeuza kwenye kiganja asubuhi yote. Skrubu za laptopu yangu ni nyeusi na ni ndogo. Kama hii? Sikumbuki vizuri. Nilizipaka rangi vichwani, kumbe nilipaswa kuzitazama miguu.

Mkumbo ameitazama kwenye mwanga na kusema, "Bado hajaanza na tayari ana akiba."

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungasha magunia. Nimeomba ruhusa ya kesho, Baba Yustina amekataa. Jumatano gari lake linapeleka mzigo Dongobesh, nitakwenda na mzigo.

Selina amepiga. Kuna mtu mwingine amekuja kukitazama kile chumba. Alipima ukuta kwa hatua, akauliza soketi iko wapi. Selina amemwambia kimechukuliwa. Mwenye chumba alikuwepo na hakuitikia.

Sikumwambia mashine iko wapi. Nilisema iko salama. Uongo, au labda si uongo. Sijui, na kutojua ndiko kunakonila.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeipata.

Ilikuwa mezani, imefungwa, imefutwa vumbi. Aliifungua na ikawaka kwa Kiswahili. Mipangilio. Faili. Pipa la taka. Ningefurahi. Sikufurahi, kwa sababu niliomba kwanza kuipindua, na tone la pembeni kulia limekwanguliwa. Mengine mazima. Hilo moja nusu halipo.

Nilinyamaza. Nilikuwa peke yangu, dereva wa Baba Yustina anapiga honi, na mashine ilikuwa bado mikononi mwake. Mtu hasemi na mwizi kabla hajapokea kilicho chake.

Juu ya skrini, mahali pa jina la mwenye mashine, ameandika Muha. Basi.

Akaniambia ameweka nenosiri la muda ili mtu asiichezee pale mezani. Ni jina lake, herufi ndogo tupu. Nikifika niweke la kwangu. "Jina langu unalijua," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Niliona aibu kumuuliza linaandikwaje. Niliishia darasa la tano na huwa sipendi watu walione hilo usoni kwangu.

Nikamlipa, nikamrudishia koti. Skrubu nimebaki nayo.

Alhamisi, 14 Agosti

Haifunguki.

Nimejaribu wakati wa chakula, mlango umefungwa. turuwai. Nenosiri si sahihi. turuway. truwai. turwai. Nenosiri si sahihi. Nikaweka k mbele, maana ile sauti yake ina k ndani ukiisikiliza vizuri. Nikaweka ch. Nikaweka s. Mwishowe ikaniambia nimejaribu mara nyingi, nisubiri.

Kwanza ilinikataa kwa lugha nisiyoijua. Sasa inanikataa kwa Kiswahili, na inaniita Muha.

Ijumaa, 15 Agosti

Simu ya Fundi haipatikani. Asubuhi haipatikani. Mchana haipatikani.

Mkumbo amenieleza mchezo wenyewe. Fundi anafunga, anakupa, unakwenda nayo mbali, haifunguki, unarudi unapiga magoti. Hapo ndipo anataja bei ya kweli. Na kile kifaa kizuri ameshakitoa kupitia tone lililokwanguliwa. Kila kitu kinaingia mahali pake. Hata binamu wa Singida hakuhitajika.

Kisha akasema tena ananunua ikiwa imefungwa hivyohivyo, ana mtu wa vipuri. Nilimwangalia. Amekuwa akinionea huruma tangu Alhamisi ile, na huruma yake kila mara inaishia kwenye bei.

Nimekasirika na watu wote. Muuzaji. Fundi. Mkumbo. Yule anayepima chumba changu kwa hatua. Nimejikasirikia na mimi. Mtu mzima na kiwiliwili chake, nimekuwa windo.

Kesho ni mnada. Watu watakuwepo wengi. Vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa na mikono baridi, lakini niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Nilifika na Mkumbo. Nilimtaka awe shahidi. Mlangoni kwa Fundi palikuwa na wateja, wafugaji wawili wa kutoka tambarare za Hanang na mashuka yao, wanachaji simu. Mama wa chai alikuwa na wanywaji wake kwenye benchi. Sikusalimia mtu. Huku kwao hilo peke yake ni kosa, na nililifanya kwa makusudi.

Niliweka laptopu mezani nikasema kwa sauti kwamba huyu mtu ameifunga mashine yangu ili nimlipe mara ya pili. Nikasema ameifungua chini na kuiba. Nikaipindua, nikaonyesha tone lililokwanguliwa. Wale wafugaji wakasogea kuona.

Fundi hakusimama. Aliniuliza polepole, "Umeandika nini kwenye nenosiri?"

"Jina lako."

"Liandike hapa nilione."

Akaigeuza laptopu kwangu. Nikaandika mbele ya watu wote, kwa kidole kimoja. Ikakataa. Yeye akaomba nimfunulie nilichoandika. Kuna kijicho pembeni ya kisanduku, ukikibonyeza herufi zinaonekana. Sikukijua. Akasoma. Turuwai.

Akashika kichwa. "Kumbe. Tangu siku ya kwanza ananiita Turuwai, nikadhani ananitania."

Akaandika yeye, akizitaja moja moja. T. L. U. W. A. Y. Ikafunguka mara moja, kama mlango ambao mtu mwingine alikuwa anausukuma upande usio wake.

T na L. Zimekaa bega kwa bega, hakuna kitu katikati. Mdomo wangu wa Kigoma ulikuwa unatia irabu hapo kila mara, na L sisi huwa tunaigeuza R bila kujua. Ningeweza kujaribu mpaka mwisho wa msimu.

Mama wa chai alisema, na kila mtu alimsikia, "Umemwita mwizi kabla hujajua kumwita jina."

Nilitaka kuondoka. Lakini nilishafika pale na sikutaka kurudi na nusu. Nikasema, haya, na tone? Fundi akainama akatazama. Akasema alikuwa anaisafisha, akaona kitu chekundu, akadhani ni rangi imeimwagikia, akaanza kukikwangua kwa ukucha. Alipoona viko kwenye kila skrubu akaelewa ni alama, akaacha. "Niliona ni kazi ya mtu mwangalifu," akasema.

Inawezekana. Inawezekana pia si hivyo.

Nikatoa ile skrubu mfukoni, nikaigonga mezani. "Na hii? Ilikuwa kwenye koti lako."

Aliichukua haraka, akaiangalia kwa karibu, na uso wake ukabadilika. Nikajua nimempata.

"Ya redio ya mama yangu," akasema. "Jana nilikuwa kwake Maretadu, hakuna mtandao, nimeipekua nyumba nzima. Redio imefungwa kwa mpira wa baiskeli." Akaiinua juu kuwaonyesha watu. "Huyu ameniletea."

Benchi likaangua kicheko. Mmoja wa wale wafugaji akacheka kabla hajatafsiriwa, kisha akatafsiriwa, akacheka upya. Mkumbo akatazama barabarani kama mtu anayesubiri gari.

Halafu Fundi akachukua bisibisi. Akasema, "Nifungue, uone ndani mwenyewe? Kama kuna kilichochoka utakiona kina vumbi. Nifungue?" Ncha ilikuwa juu ya tone la kwanza. Watu wakaacha kucheka wakangoja.

Nilifikiria. Ningeona nini? Vibati, nyaya. Ningemwangalia Mkumbo aniambie, naye angemkumbuka binamu. Nikagundua kwamba kwa vyovyote nitalazimika kumwamini mmoja kati ya hawa wawili, na mmoja wao ananitaka niuze.

Nikasema, "Acha."

"Una hakika?"

"Sina. Acha tu."

Akaweka bisibisi chini. Nikamwomba radhi. Niliomba vibaya, maneno yalitoka mafupi. Sijui kuomba radhi mbele ya watu, na sikupata nafasi ya kujifunza kwanza. Wazee wawili walikuwa kwenye benchi, nikawageukia nikawapa shikamoo niliyowanyima nilipofika. Wakaitikia marahaba. Mmoja akanisogezea nafasi.

Fundi akasema inatosha. Kisha akaniuliza, "Na wewe unaitwa nani? Mimi nimekuandika Muha kwa sababu hukuniambia."

Ni kweli. Sikumwambia.

Nikamwambia. Ntibashima. Akaanza kuliandika akakwama palepale mwanzoni. Akaandika Tibashima. Nikamwambia kuna N mbele. Akaandika Nitibashima. Sasa nikacheka mimi, wa kwanza na kwa muda mrefu. Nikamtajia herufi moja moja, kama yeye alivyonitajia.

Akauliza maana yake. Nikamwambia, hawashukuru. Baba alinipa jina hilo kwa ajili ya majirani zake. Nikamuuliza la kwake. Mvua. Alizaliwa ikinyesha. Ndiyo hivyo tu.

Akaniambia niweke nenosiri langu. Akageuka akatazama ukuta, hata mkono akaweka machoni, ili wote waone. Nikaandika. Wakati huo sikufikiria sana, lilikuja lenyewe. Kisha akanijazia nyimbo, za kwaya za huku na nyingine za kila aina, kwa ajili ya kuanzia. Alikataa malipo ya nyimbo.

Nikamwambia asante.

"Basi leo jina lako limeharibika," akasema.

Kurudi kulikuwa na baridi. Nililikumbuka koti.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda kanisani.

Mkumbo hasemi nami sana. Anasema nilimwaibisha kwa kumfanya shahidi wa upuuzi. Nimeilaza laptopu upande wa ukutani, mimi upande wa nje.

Jumanne, 19 Agosti

Magunia. Yustina amekuja kwa nyimbo, akafuatwa na Bibi. Bibi alitaka nyimbo za harusi za zamani. Zilikuwemo tatu au nne. Alisikiliza amesimama, ameshika nguzo, akasema jambo na kuondoka. Nikamuuliza Yustina amesema nini. Anasema, amesema Muha wetu ana sanduku zuri.

Wetu. Nimemuuliza tena kama ndivyo alivyosema. Ndivyo.

Sikuuliza siku ile ya rangi ya kucha alisema nini. Yaishe.

Jumatano, 27 Agosti

Saumu ya mwisho imeingia ghalani. Mikono itanuka mpaka nifike nyumbani na zaidi. Baba Yustina amenilipa bila kupunguza. Alisema kwa bega lile hakutegemea. Kweli alikuwa anaangalia bega.

Kesho nitatoka na gari la mzigo mpaka Babati, kisha basi. Laptopu nimeifunga ndani ya blanketi, blanketi ndani ya begi, begi litakuwa mapajani. Matone yapo yote, na lile moja nusu. Nimefikiria kulijazia. Nimeliacha.

Mkumbo ameleta simu yake mchana, kimyakimya, anataka nyimbo za kwao. Nimemwekea. Nilipofika kwenye nenosiri nikafunika kwa mkono.

"Unanificha mimi?"

"Wewe hasa."

Akacheka. Nami pia. Tulikunywa uji.

Neno lenyewe sitaliandika hata humu.

Nimempigia Selina. Chumba bado kipo. Amekifagia, ameazima meza. Nikamtajia lile neno, ili awepo mtu mmoja mwingine anayelijua nikipatwa na jambo njiani. Alicheka kidogo, akasema sawa.

Hakuuliza linaandikwaje; analiandika tangu akiwa mtoto.